Fundi wa Bombomu na Wakwe wa Bomet

Wacha niseme mapema, nisije nikaambiwa nimejificha: sijawahi kumpiga mtu risasi. Hata mmoja. Nilikaa jeshini miaka ishirini na miwili, nikastaafu na barua nzuri, na katika muda huo wote kiumbe pekee nilichokilenga kwa makusudi ni sungura mmoja nyuma ya uwanja wa shabaha, nikiwa kuruta, na nilimkosa, nikaadhibiwa kwa kupoteza risasi. Lakini mwaka juzi nusura binti yangu akose kuolewa kwa sababu wakwe kutoka Bomet walisadiki kwamba mimi ni muuaji, tena wa watu wengi. Aliyewasadikisha ni ndugu yangu wa tumbo moja, akiwa amekaa sebuleni kwangu, na kikombe cha mursik yangu, maziwa ya kibuyu, mkononi.

Mpaka leo nikikumbuka natamani kupiga meza.

Kazi yangu ilikuwa fundi wa silaha. Watu wa kwetu huku kwenye majani chai hawataki kuelewa kwamba jeshi lina mafundi, wapishi, makarani, na watu wa kupiga tarumbeta. Ukishavaa kombati, kwao wewe ni mtu wa vita, basi. Nilipokuwa nikija likizo, wazee walikuwa wananiuliza habari za adui, na mimi adui wangu alikuwa kutu. Nilikuwa na meza, taa, vaisi ya kubania vyuma, vipimo vyangu kwenye kasha la mbao, na kopo la mafuta. Saa mbili asubuhi naingia karakana, saa kumi natoka, mikono myeusi. Tofauti yangu na yule fundi wa pikipiki pale stendi ya Kabianga ni kwamba mimi niliamkiwa kwa saluti.

Silaha niliyoijua kuliko zote ni ile inayolishwa kwa mkanda. Redioni wanaiita bunduki ya rashasha. Babu yangu, aliyempigania Mzungu huko Burma, aliiita bombomu, na mimi nikalishika neno lake kwa sababu ndivyo inavyosema yenyewe ukiisikia kutoka mbali. Nakasirika sana vijana wa sokoni wanapoona bunduki ya askari mlangoni pa benki wakasema hiyo ni ya rashasha. Si ya rashasha. Ile ina magazini ndogo ya kuchomeka, ikiisha imeisha, na ukiikazia kidole itachemka ikufie mkononi. Bombomu haikuundwa kwa mambo hayo ya haraka haraka. Iliundwa na mtu aliyekaa chini akafikiri.

Ukifungua kifuniko chake cha juu unaona njia ya mkanda, na kijino kinachovuta risasi moja moja kuipeleka mahali pake. Risasi ikitoka, gesi kidogo inachepuka kwenye tundu lililo chini ya mtutu na kusukuma pistoni nyuma. Pistoni inakwenda na bolti, ganda linarushwa nje, springi inarudisha kila kitu mbele, na kumbe risasi nyingine imeshaingia. Yote hayo hujamaliza kupepesa jicho. Pale kwenye tundu la gesi pana kidude cha kuzungusha chenye ngazi. Bunduki ikiwa na vumbi na uchovu unaiongezea gesi, nayo inapata nguvu na kupiga mbio zaidi. Na kwa kuwa mtutu unaopiga hivyo unapata moto mpaka kuiva, aliyeichora aliuwekea mpini: unabonyeza, unazungusha, unauvuta, unatia wa akiba. Askari aliyefunzwa anaumaliza ubadilishaji huo kabla wewe hujafunga kamba za kiatu kimoja.

Tena si moja, ni ukoo mzima. Kifungua mimba ana kitako na miguu miwili ya kukunja, anabebwa na mtu mmoja mwenye mgongo. Ukimkalisha huyo huyo juu ya miguu mitatu ya chuma iliyo na springi zake, anakuwa wa kulinda kilima, na atapiga kutwa mradi anabadilishiwa mitutu. Wa gari la deraya hana kitako wala miguu. Amezikwa ndani ya chuma, anafyatuliwa kwa umeme, na mpigaji wake hata hamgusi. Wa helikopta ana mishikio miwili nyuma kama wilbaro. Miaka yangu ya mwisho akaja kitinda mimba: mtutu mfupi, kitako cha plastiki cha kuvuta na kurudisha, mwepesi, wa askari anayepanda milima kwa miguu. Wageni wakiwatazama wanaona silaha tano. Mimi niliona bolti ya huyu ikiingia kwa yule bila ugomvi, na nilimheshimu mtu aliyefikiria hivyo. Niliwapenda, sitasema uongo. Nilijua kila mmoja kwa namba yake, nani ana kikohozi, nani anatafuna mkanda, nani alianguka kutoka kwenye lori akapinda kifuniko.

Basi, huyo ndiye mimi. Nilipostaafu nilirudi hapa juu ya Kabianga kwenye ekari zangu mbili za chai, nikafungua kibanda cha kutengeneza pampu na misumeno ya injini, na binti yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari upande wa Londiani, akaleta habari kwamba amepata mtu. Walisoma pamoja chuoni. Kijana mtulivu, wa Bomet ndani kabisa, amelelewa na bibi yake, kogo tunavyosema, kwa kuwa mama yake alifariki mapema. Sikuwa na neno. Mke wangu alinunua vikombe vipya.

Sasa, katika ukoo wetu wakwe wakija kuposa, baba wa msichana haongei. Anakaa. Ananywa. Anatazama ukuta. Anayeongea ni ndugu yake au mzee mwingine wa ukoo, kwa sababu wanasema baba ataongea kwa moyo na mambo haya yanataka mdomo. Na mdomo nilio nao mimi katika ukoo ni mdogo wangu, mwenye duka la dawa za mifugo huko Soin. Ulimi wake hauna breki wala taa. Nilijua hivyo tangu tukiwa wadogo, na bado nilimkalisha kwenye kile kiti. Hilo ni kosa langu na nimelikubali.

Ziara ya kwanza ilikwenda vizuri. Waliuliza koo, wakahakikisha hatukukatazwa kuoana. Ziara ya pili ndiyo ya maswali magumu. Wanauliza kama nyumba ina ugonjwa wa kurithiwa, kama kuna mtu aliyewahi kulaaniwa, kama kuna damu ya mtu ambayo haijaoshwa. Ni maswali ya kawaida, na jibu lake la kawaida ni hapana, hapana, hapana, kisha chakula kinaletwa. Ndugu yangu alisema hapana kwa ugonjwa, hapana kwa laana. Halafu msemaji wao, kabla ya kufika kwenye damu, akauliza kwa heshima tu baba wa msichana alikuwa na kazi gani kabla hajarudi nyumbani.

Angesema fundi. Neno moja. Mtoto wa chekechea angelisema.

Ndugu yangu alisimama. Akafunga kifungo cha koti. Akasema: "Huyu mnayemwona ameketi kimya alikuwa mtu wa bombomu. Kule ng'ambo ya mpaka waliwafyeka adui mpaka mbele hapakubaki kitu cha kusimama."

Halafu akakaa, akatabasamu, akiwa amefurahi kwamba ametupandisha bei mbele za watu.

Msemaji wa wakwe aliweka kikombe chini polepole. Wenzake nao wakaweka, mmoja baada ya mwingine. Nilifungua mdomo. Mzee wa upande wetu aliyeketi kando yangu akanishika goti na kunikazia macho, maana baba haongei, na mimi, mjinga, nikaufunga. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la nyama. Walisema wamekumbuka safari ni ndefu na mvua ya Kericho haina adabu, kwa hivyo wangependa kuondoka. Wakaondoka. Nyama ililiwa na majirani, na ndugu yangu akala kuliko wote.

Baada ya wiki ujumbe ulikuja kwa simu, kupitia amu ya kijana. Msichana hana kasoro, wanampenda. Lakini kogo amesema kwamba mtu aliyemwaga damu na hakuoshwa hawezi kuwapaka mafuta ya ng'ombe vichwani maharusi, kwa sababu mkono huo utaandama watoto watakaozaliwa. Nina njia mbili. Niende mtoni, nioshwe na wazee kwa desturi, nikitamka mbele yao kile nilichokifanya. Au siku ya koito, sherehe ya kumtoa binti, nikae pembeni, na mafuta apake ndugu yangu.

Ndugu yangu! Yule yule!

Nilitupa spana ukutani, na alama iko pale mpaka leo. Nikaenda kwa pasta wetu, naye akacheka, akasema hayo ni mambo ya zamani, niwapuuze. Kumpuuza bibi aliyemlea bwana harusi ni rahisi kwa mtu ambaye haozeshi. Mke wangu aliniuliza kwa upole kuoga mtoni kutanipunguzia nini. Nikamwambia si kuoga kunakoniuma. Kutamka ndiko kunakoniuma. Nitasimama majini mbele ya wazee wazima niseme nimeua, na sijaua? Mimi ni mzee wa kanisa. Nitubu dhambi ya kubuni ili nifurahishe watu wa Bomet?

Binti yangu alikuja Jumamosi kutoka Londiani na mfuko wa viazi. Hakulia wala hakunisihi. Alimenya viazi na mama yake, akaosha mikono, akaja akasimama mlangoni pa kibanda changu, akanitazama nikifunga pampu ya mtu.

"Baba," akasema, "nataka mkono wako kichwani mwangu. Sitaki wa baba mdogo."

Akaondoka kabla sijajibu. Nilikaa pale na ile pampu, na nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

Jumatatu niliwasha pikipiki nikashuka Soin. Kule chini ni joto na miwa, na ndugu yangu alikuwa amekaa nje ya duka lake akijipepea na katoni. Nilimweleza yote niliyokuwa nayo kifuani, kwa sauti, mbele ya wateja wake. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia, na wewe ndiye kunguni wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema alikuwa ananiinua. Alisema watu wa Bomet wana watoto madaktari na wahandisi, na yeye angesema nini, kwamba ndugu yake alikuwa anapaka bunduki mafuta? Nikamwambia ndiyo, angesema hivyo hivyo, maana ndio ukweli, na uongo wake umenifanya muuaji.

Hapo akaacha kujipepea. "Maneno yale si yangu," akasema. "Ni yako. Uliyasema Krismasi ile, ukiwa likizo, tukichoma mbuzi. Ulisema tuliwafyeka."

Nilimwambia amelewa. Ndugu yangu hajaonja pombe tangu aokoke. Nikapanda pikipiki.

Sikurudi nyumbani. Nilikuwa na hasira ya kutosha kunifikisha Bomet, na nikaamua nitakwenda kumweleza yule kogo mwenyewe. Jambo hilo halifanywi. Baba wa msichana hakanyagi kwa wakwe kabla ya mambo kuisha, na nilijua wakinisema watanisema mwaka mzima. Lakini mtu amenisingizia kuua, na mimi nikae nitazame ukuta?

Nilimkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, amevaa gambuti na sweta ya shule ya mtu, simu inaning'inia shingoni kwa kamba, anapukuchua maharagwe kwenye gunia. Alinitambua kabla sijavua helmeti. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba sina adabu. Cha pili, kwamba kwa kuwa nimeshakuja nisisimame juani kama mkusanya ushuru. Alinisukumia debe nikalikalia. Hakunipa chai, na alihakikisha naona kwamba hanipi.

Nikamweleza. Nilimwambia kuna mtu anayebeba silaha na kuna mtu anayeitengeneza, na mimi ni wa pili. Hakuelekea kuona tofauti, kwa hivyo nikachukua maganda ya maharagwe yake, nikayapanga kwenye gunia, moja kando ya jingine, nikamwambia huu ndio mkanda. Nikachukua fimbo ya kuni, huu ndio mtutu. Nikamwonyesha gesi inapochepuka, pistoni inaporudi, kidude cha ngazi kinapozungushwa. Nikamwelezea ukoo wote, wa miguu miwili, wa miguu mitatu, wa kwenye deraya, wa helikopta, na kitinda mimba. Nilinogewa, nakiri. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mambo hayo nikamjibu mpaka mwisho, na yule mama, pamoja na ubaya wake wote, alisikiliza kwa masikio mawili. Aliuliza maswali ya mtu aliyewahi kutunza mashine. Aliuliza nikishaitengeneza najuaje imepona. Nikamwambia naipeleka kwenye tuta la mchanga napiga mkanda mmoja. Mchangani tu, nikasisitiza.

Aliuliza ikishapona inakwenda wapi. Nikasema wenyewe wanakuja kuichukua. Aliuliza kama huwa inarudi. Nikasema hurudi, hasa kwa ajili ya mtutu, kwa kuwa mtutu ndio unaochakaa kwanza. Nikamweleza kwa fahari kipimo changu, kijiti cha chuma unachokitia mdomoni mwa mtutu, kikizama kupita alama basi huo umekwisha. Nilijua kusoma mitutu. Ungeniletea wowote ningekuambia ulivyotumiwa, kama mwenye nao alipiga kwa nidhamu au alikaza kidole kwa woga.

"Unachakaa kwa nini?" akauliza.

"Kwa kupiga, kogo."

"Kupiga nini?"

Alikuwa anaendelea kupukuchua. Hakuinua macho. Nilimwambia hiyo si kazi ya fundi kujua. Akatupa ganda chini, akachukua jingine.

"Hukuwahi kuuliza?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuja nalo kutoka Soin, nimelinoa njia nzima: kwamba maneno ya kufyeka ni ya ndugu yangu, ameyatunga kichwani mwake, na mimi sihusiki. Nilifungua mdomo niliseme, na badala yake nikaona karakana. Nikaona bombomu moja ya miguu mitatu iliyokuja kutoka ng'ambo ya mpaka imejaa vumbi jekundu, inakwama kila risasi ya tano, na mpigaji wake, sajini mmoja mrefu, amesimama juu yangu anasema wanairudisha kesho kutwa, fundi fanya maarifa. Nilifanya maarifa. Nilizibua tundu la gesi, nikabadilisha pistoni, nikaipa mtutu mpya, nikamwonyesha ngazi ya tatu aitumie lini. Baada ya miezi miwili sajini alirudi, akapita karakana makusudi kunishika mkono. Akaniambia, fundi, ilipiga kama mpya, mbele hapakubaki kitu cha kusimama. Nikacheka. Nikamwagizia chai na mandazi, tukakaa kwenye masanduku akanisimulia, na mimi nilichotaka kujua ni kama ilikwama. Alisema haikukwama hata mara moja. Nilifurahi wiki nzima.

Na Krismasi ile nilikuja nyumbani, tukachoma mbuzi, na nikawasimulia. Tuliwafyeka, nikasema. Si waliwafyeka: tuliwafyeka.

Sikumwambia kogo hayo yote. Nilimwambia tu kwamba sikuwahi kuuliza. Aliitika kwa koo, kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari, akakung'uta gunia, na maganda yangu yakaenda na mengine. Akasema nirudi mapema, barabara ya Bomet ina ng'ombe jioni.

Nilirudi nikiwa na hasira na kila kitu. Nilikuwa na hasira naye, kwa sababu hakunipigia kelele nikapata wa kupigana naye. Nilikuwa na hasira na ndugu yangu kwa kuwa na kumbukumbu nzuri, maana mtu mwenye mdomo mbaya hastahili pia kuwa na kumbukumbu. Nilikuwa na hasira na yule sajini aliyekuja kunishukuru. Nani alimtuma? Angekwenda zake na bunduki yake. Pikipiki ilizima mara mbili kabla ya kufika Kericho, na mara zote mbili niliitukana kwa Kipsigis, kwa Kiswahili, na kwa lugha ya kambini ambayo siwezi kuiandika hapa. Watu wanaosema kwamba ukweli humpa mtu amani sijui walipewa ukweli upi. Mimi ulininyima chakula cha jioni.

Nilimwambia mke wangu nitakwenda mtoni. Aliniuliza nitasema nini huko. Nikamwambia sijui, na aniachie nafasi.

Tulikwenda Alhamisi asubuhi, koito ikiwa Jumamosi. Wazee watatu wa upande wetu, wawili wa upande wao, kwenye kijito kilicho chini ya mashamba ya chai, mahali ambapo maji ni baridi mwaka mzima na wachumaji hushuka kunywa. Walinivua shati. Mtu wa umri wangu, na tumbo langu, nimesimama majini mpaka magotini, na juu ya kilima wanawake wa Kisii wenye vikapu mgongoni wanapita wakijifanya hawaoni. Kama kuna njia ya kumdhalilisha mtu zaidi ya hiyo sijaijua. Nilitetemeka, na nilimlaani ndugu yangu kimoyomoyo kwa kila tone. Alikuwa amekuja. Alikuwa amesimama ukingoni ameshika shati langu na taulo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema chochote.

Mzee mmoja wa Bomet, mwembamba, mwenye kofia ya baridi, alikuwa ndiye wa kuuliza. Aliniuliza nimekuja kuoshwa nini. Nilitazama maji. Nilikuwa bado na nafasi ya kusema mimi ni fundi tu, na ingekuwa kweli, kila neno, na ningeweza kula kiapo.

"Nilizitengeneza bombomu," nikasema. "Nilizitengeneza vizuri. Hazikukwama."

Wazee wa kwetu walitazamana. Yule wa Bomet aliinamisha kichwa kidogo, akauliza swali linalofuata, lile ambalo desturi inalitaka, ili waoshe sawasawa na deni lilivyo.

"Ni wangapi?"

Nilijua namba za bunduki zote zilizopita mezani pangu. Ungeniamsha usingizini ningekutajia, na mtutu wa kila moja, na siku niliyoubadilisha. Nilisimama pale nikatafuta, na nikamwambia sijui.

Akafikiri. Akavua viatu vyake, akakunja suruali, akaingia majini nilipokuwa.

"Basi tutaosha bila hesabu," akasema, akanishika kisogo na kuniinamisha.

Jumamosi walikuja wote, na kogo alikunywa chai vikombe vitatu bila kunisemesha. Nilichota mafuta ya ng'ombe nikampaka kijana, kisha nikampaka binti yangu, utosini, polepole, kwa mkono wangu mwenyewe. Mafuta yalizidi, yakamtiririka mpaka sikioni, na niliudhika kwamba kila mtu aliona.